Mtoto Abaki na Nani?

Barua ya wazi kwa Waheshimiwa Madiwani wa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam na wa Manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni

Waheshimiwa,

Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama, cheo ambacho maana yake ni kuandika mihtasari, kutunza daftari la marejesho na kukalia mabenchi ya ofisi zenu kwa niaba ya wenzangu. Siwaandikii kusema kwamba serikali haitusaidii. Inatusaidia, na nitataja inavyotusaidia. Nawaandikia kwa sababu msaada wenyewe umetengenezwa kwa ajili ya mtu asiye na mtoto mgongoni, na katika mitaa yetu mtu wa namna hiyo ni nadra kumkuta kwenye foleni ya kuomba msaada.

Tuanze na fedha, maana hata nyinyi mkija mtaani ndiko mnakoanzia. Tangu mwaka 2018 kila halmashauri inatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Takwa hilo liliwekwa kwa kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kwa hiyo si hisani ya diwani wala ya mkurugenzi. Na hayo mapato ya ndani ni nini? Ni ushuru wa masoko, ni leseni, ni ushuru wa huduma. Muuza nyanya wa Buguruni anayekatiwa risiti asubuhi ndiye anayeujaza mfuko ambao baadaye atakwenda kuuomba kwa unyenyekevu. Ndiyo sababu ile hundi kubwa ya ubao mnayopigwa nayo picha pamoja na viongozi wa vikundi huwa inanichekesha kidogo. Fedha zetu, zikirudi kwetu, zinakodishiwa maturubai na viti na kununuliwa maji ya chupa.

Aprili 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa nchi nzima, baada ya ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuonyesha mabilioni yasiyorejeshwa na vikundi hewa. Ikarudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, halmashauri 10, Jiji la Dar es Salaam likiwamo, zikiwekwa kwenye majaribio ya kupitisha fedha benki. Mimi sikuupinga ukaguzi. Vikundi hewa vilikuwepo, na sisi tuliokuwa tukirejesha tulivijua kwa majina. Lakini aliyeumia ni yule aliyebakiza rejesho la mwisho akingojea awamu ya pili, wakati mwenye kikundi cha makaratasi alikuwa ameshapaua nyumba.

Na mkopo wa halmashauri ulipofungwa, shida haikufungwa nao. Watu walikwenda kausha damu. Wengi wenu mnaijua kwa jina tu, basi niruhusuni nieleze inavyokwenda. Anakuja kijana mwenye pikipiki na daftari. Hataki katiba ya kikundi, hataki muhtasari, hataki barua ya mtendaji. Tuseme anakupa laki moja leo. Kuanzia kesho unampa elfu tano kila siku kwa siku 26, yaani laki na elfu thelathini kabla mwezi haujaisha. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wadogo wenye leseni kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Huyu wa pikipiki anachukua 30 na hana leseni ya kunyang'anywa. Ukiruka siku mbili anarudi na wenzake, wanabeba televisheni, mtungi wa gesi, hata godoro. Hakuna asiyejua kuwa ule ni unyang'anyi, na bado wanawake wenye akili zao wanaingia. Nimewauliza kwa nini. Hakuna aliyenijibu habari za riba. Wanasema: yeye anakuja mlangoni. Mkopo wenu ni wa kuufuata, na anayeufuata lazima awe na kutwa nzima isiyo na mtoto.

Ifuateni nasi hiyo kutwa. Mnaanza kwa kutafutana watu msiopungua watano. Mnaandika katiba, mnaandika muhtasari, mnapata barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mnapata ya mtendaji. Mnakwenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, naye ana kata yake na mara nyingine ya mwenzake aliyehamishwa. Maombi siku hizi yanapita kwenye mtandao, kwa hiyo mnakwenda stesheneri, mnalipia kila ukurasa. Mnafungua akaunti ya kikundi benki, na watia saini wote lazima wawepo. Mnahudhuria mafunzo. Mnasubiri wataalamu waje waone biashara. Sisemi hatua hizi ni za bure. Baada ya yaliyotokea, nani atakataa kukaguliwa? Nasema kwamba karibu zote zinafanyika siku za kazi, kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, na zinawataka watu wote watano mahali pamoja. Mtoto wa mmoja akishikwa na homa, safari imekufa. Mkifika wote na afisa yuko semina, mnaambiwa mrudi Jumatatu. Katika ofisi moja ya kata nilishuhudia mama akitolewa kwenye mafunzo kwa sababu mwanawe analia. Alikaa nje juani akimbembeleza, mafunzo yakaendelea. Yalikuwa ya utunzaji wa kumbukumbu za biashara, na yeye ndiye aliyekuwa mweka hazina wa kikundi.

Halafu fedha zinatoka. Hapo ndipo wengi wenu mnahesabu kwamba kazi imekwisha, na taarifa ya robo mwaka inaandikwa. Kwetu ndiyo kwanza kunakucha. Anayeuza samaki wa kukaanga lazima awe soko la samaki la Feri alfajiri. Wa ndizi anakwenda Mabibo, kwenye lile soko tunaloliita Mahakama ya Ndizi, malori yanaposhusha. Mama lishe anawasha moto saa kumi na moja ili mafundi wakipita wakute chai. Hakuna chekechea inayofungua saa hizo. Mtoto abaki na nani?

Zamani jibu lilikuwa bibi. Bibi yuko Masasi, au yuko Kondoa, nasi hapa tumepanga chumba kimoja, tena cha kulipa miezi sita kwa mkupuo. Wachache wana dada wa kazi, ambaye akiangaliwa vizuri ni mtoto wa mtu mwingine aliyeachishwa shule kijijini ili alee huku mjini. Jirani husaidia siku ya kwanza na ya pili. Ya tatu unamwona anafunga mlango mapema. Waliosalia wanamwacha binti mkubwa. Tangu 2016 hakuna ada kuanzia msingi hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondolewa ya kidato cha tano na sita. Ni jambo kubwa na sitalibeza. Lakini nendeni shule yoyote ya msingi iliyo karibu na soko, mwombeni mwalimu wa darasa la sita daftari la mahudhurio, muone ni wasichana gani wanaokosekana, na mlinganishe na siku ambazo mama zao hufuata mzigo. Marejesho ya mama yanalipwa kwa mahudhurio ya binti. Katika daftari langu mimi, kikundi cha mama huyo kinaonekana hakina deni.

Mwenye ajira rasmi, sheria imemkumbuka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja. Inampa baba siku 3. Mama akirudi kazini anapewa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Mama lishe apewe na nani hizo saa mbili, mteja anayesubiri wali maharage? Ukimtafuta mwajiri wake, ukikosa wote, utabaki na soko. Na soko ni la halmashauri. Halmashauri inamtoza, inampangia mahali pa kukaa, inamwekea saa za kufunga, inamhamisha ikitaka. Mambo yote ya uajiri mnayo isipokuwa hilo la mtoto.

Sasa niseme nililolijia. Kila mtaa wa jiji hili una mama anayelea watoto wa wenzake. Hana kibao mlangoni. Ana mkeka, ana beseni, ana chupa ya uji, na kuanzia asubuhi na mapema wazazi wanapita wakimwachia: huyu ana miezi minane, huyu ana miaka miwili, huyu amekunywa dawa mpe nyingine saa nane. Anapokea ujira wa siku. Mzazi asipouza, anasema andika, naye anaandika. Wakati mwingine wanafika watoto wanane, tisa, katika chumba kimoja, na jiko la mkaa liko koridoni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo vya kulelea watoto visajiliwe na vikaguliwe, na inataka hivyo kwa sababu nzuri. Bila usajili, mtoto akiungua, akipotea, akifanyiwa ubaya, hakuna wa kuulizwa. Mimi siutetei msongamano ule. Ila nimeona kinachotokea ofisi ikipata habari: anaambiwa afunge. Anafunga siku mbili. Watoto wanatawanyika kwa walezi wabovu kuliko yeye au wanafungiwa ndani na kufuli, na wiki ijayo anafungua tena kimya kimya, safari hii akiwa amejifunza kuficha.

Kwa nini mama huyu asiwe mfanyabiashara kama wengine? Katika mihtasari yote niliyoandika, biashara zinazoombewa mkopo ni zilezile: kuku wa mayai, batiki, vitafunwa, kukodisha viti, sabuni ya maji. Sabuni ya maji hasa. Maafisa wetu wanaipenda, kila mafunzo yanaishia kwenye ndoo ya sabuni, na kama wanunuzi wangekuwa wengi kama watengenezaji jiji hili lingekuwa limetakata tangu zamani. Malezi sijawahi kuyaandika. Nilipowahi kupendekeza, niliambiwa kulea watoto si mradi wa uzalishaji.

Naomba mlifikirie upya hilo neno uzalishaji. Chukueni walezi watano wa mtaa mmoja, wale wale wenye mikeka. Wawe kikundi. Wapeni mkopo kutoka ile asilimia 10 wakodi nyumba yenye uzio, wajenge choo cha watoto, wanunue magodoro madogo na jiko la gesi, walipie mafunzo ya ulezi. Afisa ustawi wa jamii awasajili, aje awatembelee kama rafiki na kama mkaguzi. Mkopo wa bodaboda unampa kazi mwendeshaji mmoja. Kituo cha watoto 30 kinawapa walezi watano kazi yao, na kinawarudishia siku wazazi wa watoto 30. Tena kina kitu ambacho mradi wa kuku hauna: mteja anakuja kila siku, na kideri hakiwezi kumuua. Kwa marejesho nisingeogopa. Ningeogopa zaidi kwamba nafasi zitajaa wiki ya kwanza na mtalazimika kusema na wazazi waliokosa.

Msiyachukue haya kwa kuwa ni mimi nimesema. Jijini Nairobi, katika mtaa wa Korogocho, watafiti waliwapa akina mama wenye watoto wa kati ya mwaka mmoja na mitatu vocha za kulipia vituo vya malezi, kisha wakawalinganisha na wasiopewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Waliopewa walikuwa na kazi zaidi, tofauti ikiwa kama asilimia 8.5 ya akina mama wote. Lililonigusa mimi ni la wanaolea peke yao. Hao hawakuongezeka makazini, kwa sababu walikuwa tayari wanafanya kazi, wangefanyaje? Ila walipunguza saa za kazi bila kipato kushuka. Huenda mtu aliyekuwa akifua nguo za watu akiwa na mtoto pembeni alipata nafasi ya kuchagua kibarua chenye saa zinazoeleweka. Anayeijua hali ya mama asiye na mwenza mjini ataelewa kwamba jioni moja ya kupumzika ni mali.

Uganda nako walijaribu kwa namna nyingine. Baadhi ya akina mama walilipiwa chekechea ya watoto wa miaka mitatu hadi mitano, wengine wakapewa fedha taslimu za thamani ileile, wengine vyote viwili. Fedha zilikuza biashara za akina mama, kama tunavyotarajia. Chekechea ilikuza mapato ya biashara za akina mama na mishahara ya akina baba pia, na watoto wenyewe wakapiga hatua. Hilo la akina baba halikunishangaza. Katika nyumba ya watu wawili wenye vibarua, mtoto hula siku ya kazi ya yeyote aliyeangukiwa na zamu ya kukaa naye.

Hapa kwetu nako pana mahali pa kuanzia. TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ilianzishwa mwaka 2000, na walengwa wake mnawajua kwa sababu majina yanasomwa kwenye mikutano ya mitaa. Imekuwa ikitoa ruzuku kwa kaya masikini, ikitaka watoto wadogo wapelekwe kliniki na wakubwa waende shule, na ikitoa ajira za muda kwenye miradi ya jamii. Nani hujitokeza na jembe kwenye hizo ajira za muda? Ni akina mama, na wanakuja na watoto, wanawalaza chini ya mwembe. Burkina Faso, kwenye kazi za namna hiyohiyo, waliweka vituo vya watoto vinavyohama na wafanyakazi: mradi ukisogea, kituo kinasogea. Kwetu lingetosha turubai moja, maji ya kunywa, mikeka, na walengwa wawili wanaolipwa ujira uleule wa siku kwa kulea badala ya kuchimba. Hakuna sheria inayohitaji kubadilishwa kwa ajili ya turubai.

Upande wa kazi zenyewe nina machache. Nyingi zinazopatikana kwetu zinatoka kwenu, tena nyingine hamzihesabu kuwa ajira. Madarasa na zahanati zinajengwa na mafundi wa papa hapa. Saidia fundi wanatoka wapi? Wanatoka kwenye simu ya fundi. Mitaro inazibuliwa, taka zinazolewa na vikundi, masoko yanafagiliwa, sare zinashonwa. Ofisi ya mtendaji wa mtaa ina ubao wa matangazo, na katika ubao niupitao mimi tangazo lililo wazi kuliko yote ni la chanjo iliyokwisha siku nyingi. Ubao huo ungeandikwa kila Ijumaa: wiki ijayo shule fulani inamwaga zege, wanatakiwa watu kadhaa, malipo ni haya, mwone fulani. Hakuna mfumo wa kununua. Ni chaki. Vijana wanaodhani kila kazi hupatikana kwa kujuana wangepata angalau sehemu moja ya kuthibitisha kwamba wamekosea, au kwamba wamesema kweli.

Kwa vikundi vilivyokwisha kusimama, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inataka asilimia 30 ya ununuzi itengwe kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee, watu wenye ulemavu. Maombi yanapita kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni. Mshonaji wa Tandika mwenye vyerehani vinne anaweza kushona sare au mapazia ya zahanati. Hawezi, peke yake, kuvuka mlango wa kujisajili na kuambatisha nyaraka. Mtu mmoja anayejua mfumo huo, akikaa ofisi ya kata siku moja kwa wiki, angefungua kazi nyingi kuliko kongamano la ujasiriamali kwenye ukumbi wenye viyoyozi. Na tafadhali siku hiyo iwe Jumamosi.

Kuna mzazi ambaye hamna dirisha lake kabisa. Ni baba anayelea peke yake na ambaye umri wa ujana umeshampita. Si mwanamke, si kijana, hana ulemavu. Mkewe amefariki au ameondoka, watoto watatu wako naye, na yeye ni kibarua wa zege. Anampigia jirani magoti kila asubuhi kama anavyopiga mama. Mmoja wa namna hiyo alikwenda kuuliza habari za mkopo, akashauriwa na mtu wa ofisi amsajili shangazi wa watoto kwenye kikundi cha akina mama, kisha fedha wazigawane nyumbani. Ndivyo vikundi hewa vinavyozaliwa, waheshimiwa: mtu mwenye shida ya kweli anafundishwa njia ya uongo na aliyeajiriwa kuilinda njia ya kweli. Najua asilimia zile zimewekwa na Bunge na nyinyi hamwezi kuzibadili ukumbini kwenu. Mna Jumuiya ya Tawala za Mitaa, ALAT, na mnakutana kila mwaka. Lipelekeni huko.

Na kwa kuwa nimewagusa akina baba, kuna wale ambao wapo na hawatoi kitu. Mpaka mwaka 2009 tulikuwa bado na sheria ya zamani iliyoweka kikomo cha matunzo ya mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa kuwa shilingi 100 kwa mwezi. Andazi moja halinunuliki. Sheria ya Mtoto iliiondoa hiyo, na sasa kinachoangaliwa ni uwezo wa mzazi na mahitaji ya mtoto. Mama anakwenda ustawi wa jamii, anaandikiwa barua ya wito, halafu anakabidhiwa yeye mwenyewe ampelekee mwanamume. Aliyebuni utaratibu huo hajawahi kupeleka barua ya namna hiyo nyumbani kwa mtu mwenye hasira. Mpeni mjumbe au mtendaji kazi ya kuifikisha. Matunzo yanayolipwa kila mwezi ni mtaji usiohitaji kikundi wala dhamana, na sielewi kwa nini tunapozungumzia kuwainua wazazi kiuchumi hayatajwi.

Mtaniambia halmashauri haina fedha za vituo vya watoto. Sijaomba mvijenge. Nimeomba mvikopeshe, kwa fedha ambazo tayari mnalazimika kukopesha. Ninachoomba mjenge ni chumba kimoja kwa kila soko jipya, na masoko mnajenga. La Kisutu limejengwa upya, la Magomeni limejengwa upya, Kariakoo imejengwa upya baada ya moto wa 2021. Michoro inayofuata ikiletwa mezani kwenu, itakuwa na vizimba, stoo, vyoo, ofisi ya meneja na maegesho ya magari. Ulizeni watoto wa wafanyabiashara watakaa wapi. Mtu akisema wasiletwe sokoni, mwulizeni wapelekwe wapi, na mngoje jibu. Chumba kikiwepo, kipangishwe kwa kikundi cha walezi kwa kodi ndogo, kifunguliwe soko linapofunguliwa, hata kama ni saa kumi alfajiri.

Wako watakaosema kulea ni wajibu wa familia, serikali isiingie chumbani kwa watu. Nawaheshimu, na baadhi yao ndio wazee wetu. Lakini serikali imeshaingia. Imeingia na ushuru, imeingia na masharti ya kliniki, imeingia na mikopo yenye tarehe ya rejesho. Ikiingia na chumba chenye mkeka safi haitakuwa imevunja mlango wowote mpya.

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na bajeti zinapikwa miezi kadhaa kabla. Naomba kabla hamjapitisha inayokuja, kila mmoja wenu amwombe afisa maendeleo wa kata yake mambo mawili ambayo hayahitaji fedha. La kwanza ni orodha ya walezi wa mitaani waliopo, iliyoandikwa kwa ahadi kwamba hakuna atakayefungiwa kwa kujitaja. La pili ni ratiba mpya ya mafunzo na ukaguzi wa vikundi, yenye angalau siku moja ya Jumamosi na kona ya watoto ndani ya ukumbi. Orodha hiyo ndiyo itakayowaambia mkopo wa kwanza wa malezi uanzie mtaa gani. Kikundi chetu kiko tayari kusaidia kuiandika, mihtasari tumezoea.

Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi, nasi tungependa kuhudhuria siku mtakayolijadili hili. Tutakuja na watoto. Tutashukuru tukitengewa viti vya nyuma karibu na mlango, na tukiambiwa mapema kikao kinaanza saa ngapi hasa, siyo ile iliyoandikwa kwenye barua.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Katibu wa kikundi cha akina mama,
Buguruni, Dar es Salaam